Katriji ya Printa: Usilivue Vazi Lake Kabla ya Siku ya Kazi

Msimu wa fomu za basari unapofika, foleni ndefu kuliko zote kwenye kituo cha biashara huwa mlangoni pa saiba. Mzazi ana fomu ya kutolewa nakala, kitambulisho, barua ya chifu na ripoti ya shule ya mtoto. Mwenye saiba alijiandaa mapema. Alinunua katriji ya akiba kwa maelfu ya shilingi ili siku kama hiyo isimkute mikono mitupu. Anaitoa rafuni, anaitia kwenye printa, na karatasi ya kwanza inatoka na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Ya pili vilevile. Analaumu printa, kisha anamlaumu aliyemuuzia.

Mara nyingi printa haina kosa, na muuzaji pia hana. Kosa lilitokea wiki kadhaa nyuma, siku katriji ilipotolewa kwenye mfuko wake mweusi ili itazamwe tu, kisha ikawekwa karibu na dirisha bila mfuko. Mfuko ule uliotupwa kwenye pipa la taka ndio uliokuwa ukiilinda.

Hasara ya aina hii haiwapati wenye saiba pekee. Shule huchapisha mitihani, zahanati huchapisha rejista na fomu, na ofisi za wadi huchapisha barua na matangazo ya mikutano ya wananchi. Katriji ikiharibika kabla ya kutumika, pesa za karo, za biashara au za mlipa ushuru hupotea bila hata karatasi moja kuchapishwa. Makala haya yanaeleza kazi ya kila kifungashio cha katriji, namna ya kuituma, kuipokea na kuihifadhi, na la kufanya inapokwisha.

Aina mbili, maadui tofauti

Printa nyingi tunazotumia ni za aina mbili, na katriji zake hazifanani.

Ya kwanza ni printa ya wino wa majimaji. Wino wake kwa kawaida una maji kwa wingi, na hutoka kupitia matundu madogo sana, membamba kuliko unywele. Katika baadhi ya printa matundu hayo yako kwenye katriji yenyewe. Katika nyingine yako ndani ya printa, na katriji ni tangi la wino tu. Adui mkuu wa wino ni hewa. Hewa ikiufikia, maji yake hukauka na rangi hubaki ikiziba matundu. Viputo vya hewa vikiingia ndani, wino hukatika katikati ya mstari.

Ya pili ni printa ya leza, pamoja na mashine nyingi za kutoa nakala. Hizi hutumia tona, ambayo ni unga. Chembe za unga huo ni ndogo mno: ukubwa wa nyingi ni kati ya mikroni 5 na 10, ilhali unene wa unywele wa mtu ni takriban mikroni 70. Unga huo ni plastiki iliyochanganywa na rangi. Ndani ya printa, joto kali huuyeyusha ukashikamana na karatasi. Kwa kuwa ni plastiki, joto ni adui wake hata kabla haujafika kwenye printa. Kwenye nyuzijoto kama 50 hadi 60 unga huanza kulainika na kugandana kuwa mabonge.

Katriji nyingi za leza zina kitu kingine cha kulindwa, nacho ni silinda inayong'aa, mara nyingi ya rangi ya kijani au buluu. Silinda hiyo imetengenezwa ili ihisi mwanga, kwa sababu leza huchora maandishi juu yake kwa mwanga. Basi ikiachwa wazi chini ya taa, au vibaya zaidi kwenye jua, huchoka kabla ya kuanza kazi. Matokeo yake ni mistari, madoa au ukurasa wenye weusiweusi. Alama ya kidole pia huidhuru, kwani mafuta ya ngozi hubaki juu yake.

Kila tabaka lina kazi yake

Ukifungua sanduku la katriji mpya utakuta vitu vingi vinavyoonekana kama takataka. Kila kimoja kiliwekwa kwa sababu.

Mfuko mweusi au wa fedha. Kwa katriji ya leza, mfuko huu huzuia mwanga na unyevunyevu. Kwa katriji ya wino, mfuko mara nyingi huwa umenyonywa hewa yote hadi ukabana. Ukiuona umelegea na umejaa hewa ilhali ulipaswa kubana, huenda umetoboka.

Ukanda wa kuvuta. Katriji nyingi za leza huwa na ukanda mrefu wa plastiki unaofunga chumba cha unga. Kazi yake ni kuzuia unga usivuje wakati wa safari. Ukishauvuta, katriji haifai tena kusafirishwa.

Vipande vya plastiki vya rangi kali, mara nyingi ya chungwa. Hivi hushikilia sehemu zinazosogea ili zisigongane au kukwaruzana njiani. Vingine hufunika silinda.

Kifuniko au utepe kwenye katriji ya wino. Hufunga matundu na njia ya hewa ili wino usivuje wala kukauka.

Mito ya hewa, povu au karatasi iliyofinyangwa kwenye pembe. Mzigo ukianguka sakafuni husimama ghafla, na nguvu yote ya pigo huingia ndani yake kwa mara moja. Mto hubonyea kidogokidogo, hivyo pigo hugawanyika na kupungua. Ndiyo maana katriji huning'inia katikati ya sanduku bila kugusa ukuta wowote. Ikianza kugusa ukuta, ulinzi huo umekwisha.

Wapo wanaouliza kama mifuko hii inakiuka marufuku ya mifuko ya plastiki. Marufuku iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Kifungashio ambacho bidhaa hufungwa ndani yake kiwandani kiliachwa kwa masharti. Usiutoe mfuko wa katriji kwa hofu ya sheria.

Safari ndefu hadi kwako

Katriji nyingi zinazouzwa nchini hutoka ng'ambo. Zinazokuja kwa meli hushushwa bandari ya Mombasa kisha husafirishwa hadi Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko juu shinikizo la hewa hupungua kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la pwani. Hewa iliyofungiwa ndani ya katriji ya wino hutanuka, na kama kifuniko kimeondolewa au kimelegea, hewa hiyo husukuma wino nje. Ikiwa kila kitu kimefungwa kama kilivyotoka kiwandani, safari hiyo haina madhara.

Sehemu ngumu ya safari mara nyingi ni ya mwisho: kutoka duka la jumla hadi kwenye kaunti. Hapa mzigo hupandishwa kwenye buti la matatu, juu ya basi, au nyuma ya boda boda. Hukutana na vumbi, mashimo ya barabara, mvua ya ghafla na magunia ya viazi yanayowekwa juu yake. Gari lililoegeshwa juani na madirisha kufungwa linaweza kupita nyuzijoto 50 ndani, na hicho ndicho kiwango ambacho tona huanza kugandana. Usiiache katriji garini mchana kutwa ukienda kushughulikia mambo mengine.

Ukituma mzigo

Wafanyabiashara wengi wa kaunti, wakiwemo vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaopata zabuni kupitia mpango wa AGPO unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali, hununua katriji mjini na kuzisafirisha wenyewe. Mfanyabiashara mdogo mara nyingi hana mtaji wa kununua tena mzigo ukikataliwa. Hatua hizi hazigharimu pesa nyingi:

1. Acha kila katriji ndani ya sanduku lake la kiwandani. Usiondoe masanduku ili mzigo uwe mdogo. Nauli utakayookoa haitalipa katriji moja iliyovunjika.

2. Weka masanduku hayo ndani ya katoni kubwa iliyo imara, isiyo na unyevu wala pembe zilizopondeka.

3. Acha nafasi ya sentimita 5 hivi kila upande, chini na juu, kisha uijaze kwa magazeti yaliyofinywa, vipande vya kadibodi au nailoni yenye viputo vya hewa. Tikisa katoni. Ukisikia kitu kinasogea, ongeza.

4. Msimu wa mvua, funika vitu vilivyomo kwa karatasi ya nailoni ndani ya katoni. Maji hupenya kwanza kwenye maungio.

5. Funga maungio yote kwa selotepu pana, juu na chini, pamoja na kingo za pembeni.

6. Chora mishale miwili inayoelekea juu. Kama sanduku la kiwandani linaonyesha upande wa juu, ufuate huo huo. Andika kwa herufi kubwa: USIWEKE MZIGO JUU. WEKA MBALI NA JUA.

7. Taja thamani ya mzigo kwa kampuni ya usafirishaji na uhifadhi stakabadhi. Piga picha kabla ya kufunga na baada ya kufunga.

Alama zilizo kwenye masanduku ya kiwandani zinafaa kujulikana na kila mbeba mzigo. Mishale miwili huonyesha upande wa juu. Mwavuli humaanisha kilindwe na mvua. Glasi humaanisha kinavunjika kwa urahisi. Jua humaanisha kiwekwe mbali na joto. Mwonyeshe utingo au mwendeshaji boda alama hizo. Wengi hutupa mzigo kwa sababu hakuna aliyewaambia kilichomo ndani.

Angalia kabla ya kutia sahihi

Kwa ofisi za umma, kukagua bidhaa si hiari. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaeleza kazi ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo huhakikisha kwamba kilicholetwa kinalingana na kilichoagizwa kwa idadi na ubora. Lakini ukaguzi wa katriji una mtego wake: ukifungua mfuko ili kukagua, unaweza kuharibu kile unachokagua. Kwa hivyo ukaguzi ufanyike kwa nje kadiri iwezekanavyo.

Tazama kama katoni imelowa, imepondeka au imefunguliwa na kufungwa tena. Hakikisha nambari ya katriji ni ile iliyo kwenye LPO, kwani herufi moja ikitofautiana katriji inaweza kukataa kuingia kwenye printa. Tazama tarehe iliyochapishwa kwenye sanduku. Angalia kama lakiri ya sanduku iko salama. Likiwa na dalili ya kupigwa, fungua sanduku la nje tu na utazame mfuko: unga mweusi ndani ya mfuko au wino uliovuja ni sababu ya kutosha ya kuikataa.

Ukiona kasoro, iandike kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutia sahihi, na umtake aliyeleta naye atie sahihi hapo hapo. Malalamiko yanayotolewa wiki mbili baadaye bila maandishi wala picha huwa vigumu kuyathibitisha. Ushauri huu unamfaa pia mwenye saiba anayepokea mzigo wake stendi.

Stoo isiyogharimu pesa

Katriji haihitaji chumba chenye kiyoyozi. Inahitaji mahali penye kivuli, pakavu, penye hewa, na pasipo joto jingi. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuhifadhi kati ya nyuzijoto 35 na 40. Kwenye kaunti za joto, rafu ya juu kabisa chini ya mabati ndipo mahali pabaya zaidi. Rafu ya kati, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, hufaa zaidi.

Usiweke katoni sakafuni moja kwa moja. Simenti hupitisha unyevu, na mvua ikiingia chini ya mlango katoni ya chini ndiyo ya kwanza kulowa. Mbao mbili au matofali machache chini yake yanatosha. Usirundike masanduku mengi hadi ya chini yabonyee. Katriji za leza zilazwe, zisisimamishwe wima, ili unga usikusanyike upande mmoja.

Andika tarehe ya kupokea kwenye kila sanduku kwa kalamu nene, na uweke mpya nyuma ya zile za zamani. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wino, ambao una muda wake hata ukiwa umefungwa. Ukishaifungua katriji ya wino, baadhi ya watengenezaji hushauri itumike ndani ya miezi 6. Kwa hiyo usinunue akiba ya miaka miwili kwa sababu tu bei imeshuka.

Siku ya kuifungua

Fungua mfuko pale tu printa iko wazi mbele yako. Kama katriji imetoka mahali baridi na kuingizwa kwenye chumba cha joto, iache kwenye mfuko wake kwa saa mbili hivi ili isitokwe na umande.

Kwa katriji ya leza, ishike kwa mikono miwili na uitikise polepole kushoto na kulia mara tano au sita, ndipo utoe vipande vya plastiki na uvute ukanda kwa mkono mmoja bila kusita. Usiguse silinda. Kwa katriji ya wino, ondoa utepe na kifuniko, na usiguse matundu wala vipande vya shaba. Kila mtengenezaji ana maelezo yake, hivyo soma picha zilizo kwenye sanduku kwanza.

Uuhifadhi mfuko mweusi hata baada ya hapo. Fundi akija kutengeneza printa na kuitoa katriji, irudishwe kwenye mfuko huo. Kama huna, ifunike kwa kitambaa kizito na kuiweka ndani ya kabati.

Sanduku tupu lina soko lake

Wauzaji wa bidhaa bandia hutafuta masanduku halisi yaliyotumika. Hutia ndani yake katriji kuukuu iliyojazwa unga duni na kuiuza kama mpya. Kwa hivyo sanduku likiisha kazi, lichane na ulikunjue kabla ya kulitoa nje. Kitendo hicho cha nusu dakika humlinda mnunuzi mwingine.

Tuelewane hapa: kujaza upya katriji si kosa, na wapo mafundi wanaofanya kazi hiyo vizuri na kwa bei nafuu. Kosa ni kumuuzia mtu katriji iliyojazwa upya huku ukimwambia ni mpya. Ukikuta sanduku lenye maandishi yaliyofifia, tahajia mbovu, lakiri iliyobandikwa tena au katriji isiyo na ukanda wake, usinunue. Bidhaa bandia huripotiwa kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoundwa chini ya Sheria ya mwaka 2008.

Ikimwagika, na ikiisha

Tona ikimwagika, usiipulize wala kuifagia kwa nguvu, maana itapaa hewani na kuingia puani. Fungua madirisha, kisha uifute kwa kitambaa chenye maji baridi. Mikono na nguo zioshwe kwa maji baridi pia, kwa kuwa maji ya moto hulainisha plastiki ile na doa likashika. Watoto wasikaribie.

Katriji iliyokwisha isichomwe. Mabaki ya unga yanaweza kulipuka na kuwaka, na moshi wa plastiki ni sumu. Isitupwe shimoni wala mtoni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka sote tutenganishe taka. Irudishe kwenye kile kile kifungashio ilichokuja nacho, ili isivuje, na uirejeshe kwa muuzaji kama anapokea, au kwa mtu aliye na leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki. Shule na ofisi jirani zinaweza kukusanya zao pamoja hadi zitoshe mzigo mmoja. Ukitaka mwongozo, uliza katika ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako.

Kwa muhtasari, mambo sita ya kubandika kwenye mlango wa stoo: usifungue mfuko kabla ya siku ya kutumia, weka mahali penye kivuli na pakavu, laza, usirundike, kagua kabla ya kutia sahihi, na ukimaliza, chana sanduku. Mwenye saiba akiyafuata hayo, msimu wa basari ukifika mzazi aliye mwisho wa foleni ataondoka na fomu inayosomeka.